Injili nne katika kaunta buku: shajara ya kupanga maisha ya Yesu

10 Novemba 2024. Mpango na vifaa

Injili tunazisikia vipande vipande: Jumapili hii somo la Luka, Jumapili ijayo la Yohana. Mtu akiniuliza Yesu alielekea wapi baada ya kuwalisha watu elfu tano, au alipanda kwenda Yerusalemu mara ngapi, nabaki kubahatisha. Mimi na mwalimu mstaafu wa hesabu tunayesali naye jumuiya moja hapa Dodoma tumeamua kuzipanga Injili zote nne katika daftari moja, tukio kwa tukio, kwa mkono na gundi. Ni sura 89: Mathayo 28, Marko 16, Luka 24, Yohana 21.

Lengo ni kupata simulizi moja iliyonyooka, kuanzia kuzaliwa hadi kupaa, isiyorudia jambo. Mwalimu ana wasiwasi na lengo hilo. "Ndugu yangu, huwezi kujumlisha kabla hujajua kama ni vitu vya aina moja," alisema, kisha akaenda kununua kaunta buku la kwaya nne kwa shilingi 6,000. Kalamu za rangi nne zimekula 4,000: bluu ya Mathayo, nyekundu ya Marko, kijani ya Luka, zambarau ya Yohana. Penseli ni ya mashaka.

28 Novemba 2024. Kukata na kubandika

Tulikusudia kukata Biblia yenyewe, nakala kuukuu iliyong'oka jalada. Mzee wa kanisa alitukuta na mkasi mezani, akasema hata kama imechakaa yeye hawezi kukaa akitazama Neno likikatwa. Mkasi ukawekwa chini. Hata kama mzee asingefika tungekwama tu, maana ukurasa umechapwa pande mbili. Ukibandika Mathayo 5, kilicho mgongoni mwake kinafunikwa na gundi.

Basi tukaenda kwenye fotokopi, shilingi 100 kwa ukurasa. Fungu la kwanza, kurasa 52, ni hasara tupu. Karatasi ya Biblia ni nyembamba mno, maandishi ya upande wa nyuma yakatokeza kama kivuli na kuvuruga ya mbele. Tena tulikuwa tumeomba kijana wa dukani akuze herufi kwa ajili ya macho ya wazee, na vipande vikawa vipana kiasi cha kumaliza nafasi ya maelezo pembeni. Atakayeiga kazi hii afanye hivi: aweke karatasi nyeusi ngumu nyuma ya ukurasa kabla ya kufunika mashine, na aache ukubwa ulivyo. Kivuli kinatoweka. Kurasa 134 za mara ya pili zimetoka safi kabisa, shilingi 13,400.

Gundi nayo ilitufunza adabu. Nilipika uji mzito wa unga wa ngano ili kubana matumizi. Karatasi zikajikunja zilipokauka, na ndani ya juma moja mende walikuwa wameanza kula Mahubiri ya Mlimani. Tumehamia gundi ya kijiti: vijiti vitatu, 6,000.

27 Desemba 2024. Kuzaliwa

Hatua hii niliidhani nyepesi kwa sababu kila mtoto wa kanisani anaijua kutokana na igizo la Krismasi: hori, wachungaji, mamajusi watatu, ng'ombe mmoja wa maboksi. Kwenye daftari igizo hilo limesambaratika. Wachungaji na hori wako kwa Luka peke yake. Mamajusi wako kwa Mathayo peke yake, hawakutajwa idadi, na wanamkuta mtoto nyumbani. Kwa Luka familia inatokea Nazareti kwenda Bethlehemu kisha inarudi. Kwa Mathayo unawakuta Bethlehemu tayari, wanakimbilia Misri, na Nazareti inaingia mwishoni kama mahali papya pa kukaa. Marko hana kitu hapa, anaanza na Yohana Mbatizaji jangwani. Yohana anaanza kabla ya ulimwengu kuwapo, na hatukujua tumbandike wapi hadi Mwalimu alipompa ukurasa wake peke yake mbele ya kila kitu.

Nasaba mbili zimetuchukua muda kuliko yote. Mathayo anashuka kutoka Ibrahimu, Luka anapanda hadi Adamu. Baba yake Yusufu ni Yakobo kwa Mathayo, Eli kwa Luka. Wapo wanaosema moja ni ya Mariamu, wapo wanaosema moja ni ya damu na nyingine ya urithi. Maandiko yenyewe yanamtaja Yusufu pande zote mbili, kwa hiyo tumeweka alama ya penseli na kuendelea. Mwalimu, kama ilivyo desturi yake, alihesabu. Mathayo anasema vizazi kumi na vinne mara tatu, lakini kundi la mwisho linatoa majina kumi na matatu usipomhesabu Yekonia mara ya pili, na kati ya Yoramu na Uzia wamerukwa wafalme watatu waliomo katika 1 Nyakati 3. Nilidhani ugunduzi huo ungemvunja moyo. Kinyume chake, alifurahi: "Huyu hakuwa anahesabu watu. Alikuwa anapanga." Sentensi hiyo imebadilisha namna ninavyosoma Mathayo mzima, hotuba zake ndefu tano zikiwemo.

Kuhusu mwaka: Herode Mkuu alifariki mwaka 4 kabla ya Kristo, na Mathayo na Luka wote wanaweka habari hizi katika siku zake. Kumbe Yesu alizaliwa "kabla ya Kristo", kosa la hesabu ya Dionysius Exiguus, mtawa aliyebuni mfumo wetu wa miaka mwaka 525. Sensa ya Kirenio, ambayo Luka anaiunganisha na kuzaliwa huku, kwa tunavyoijua nje ya Biblia ni ya mwaka 6 baada ya Kristo. Penseli tena.

19 Januari 2025. Simulizi moja imeshindikana

Siandiki hapa ili kulalamika, bali ili mwingine asirudie njia hii.

Kwa wiki kadhaa tulikuwa tukichanganya. Tukio likiwa katika Injili tatu, tunachukua lenye maelezo mengi, tunachopeka sentensi za wengine katikati, tunasonga. Kurasa zilipendeza. Tatizo lilianzia hekaluni. Yohana anaweka kuwafukuza wauza ng'ombe na wabadili fedha katika sura ya 2, mwanzoni kabisa. Mathayo, Marko na Luka wanaliweka katika juma la mwisho, na kwa Marko ndilo linalowafanya wakuu wa makuhani watafute njia ya kumwangamiza. Ukilibandika mwanzo, kisa cha Marko kinakosa kiungo. Ukilibandika mwisho, Yohana anapoteza mlango wake. Ukisema yalitokea mara mbili, umeokoa hesabu, lakini umetunga kitabu cha tano ambacho hakuna mwinjilisti aliyekiandika.

Kumbe tumechelewa karne nyingi. Tatian alifanya kazi hii hii karibu mwaka 170, akafuma Injili nne kuwa moja, na makanisa ya Siria yalikisoma kitabu chake kwa vizazi. Katika karne ya 5, Theodoret, askofu wa Cyrrhus, alikusanya nakala zaidi ya 200 katika makanisa yake, akaziondoa na kurudisha Injili nne mahali pake. Analalamika kwamba Tatian alikata nasaba. Niliposoma hayo nikamwelewa Tatian kuliko ninavyopaswa. Hizo nasaba zilitutoa jasho.

Sasa naona walichokiona waliokataa. Msibani kwetu husomwa wasifu mmoja wa marehemu, miaka na vyeo vimepangwa vizuri, familia imeupitisha. Lakini marehemu unamfahamu usiku wa matanga, wanapozungumza dada yake, jirani aliyemdai, na rafiki wa ujanani, kila mmoja kwa mpangilio wake. Askofu Papias, mwanzoni mwa karne ya 2, alisema hivyo hivyo kuhusu Marko: aliandika kwa uaminifu aliyoyakumbuka Petro, ila si kwa utaratibu. Nilikuwa nikiisoma kauli hiyo kama lawama.

Marekebisho: tumefungua kaunta buku la pili (6,000). Kurasa mbili zinazotazamana ndizo meza yetu: kushoto Mathayo na Marko, kulia Luka na Yohana, safu mbili kila ukurasa. Kila Injili inabaki na mpangilio wake. Tukio likilingana, vipande vinakaa usawa mmoja. Lisipolingana, tunaacha nafasi tupu na kuandika namba ya ukurasa wa kulitafuta. Vipande vya Yohana vilichanika katika kuvibandua, ikabidi kutoa fotokopi upya kurasa 31, shilingi 3,100.

Namba za kurukia tumeziiga kwa Eusebius wa Kaisaria, wa karne ya 4. Aligawa Injili katika vifungu zaidi ya elfu moja vyenye namba, akavipanga katika majedwali kumi: la kwanza matukio yaliyo kwa wote wanne, kisha ya watatu watatu, ya wawili wawili, na la kumi ya kila mmoja peke yake. Mwalimu aliketi na penseli akapiga hesabu ya makundi yote yanayowezekana kutoka vitu vinne, akapata kumi na tano. Akaangalia orodha: Eusebius hana jedwali la Marko na Yohana peke yao, wala la Marko, Luka na Yohana bila Mathayo. Tangu siku hiyo anazungumza habari za Eusebius kama mtu waliyesoma naye chuo.

22 Februari 2025. Ramani

Karatasi za manila tatu, 3,000. Pini na uzi mwekundu, 2,500. Nilichora Galilaya, Samaria na Yudea, na kuandika miinuko, jambo ambalo ramani za nyuma ya Biblia nyingi hazifanyi. Ziwa la Galilaya liko takriban mita 210 chini ya usawa wa bahari. Yerusalemu iko mita 750 hivi juu ya usawa huo wa bahari. Yeriko iko chini tena, zaidi ya mita 200 chini ya usawa wa bahari. Yule mtu wa mfano wa Msamaria aliyeshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko alishuka kwelikweli, karibu kilomita moja kwenda chini katika mwendo wa kilomita 27 hivi za jangwa. Na kila Yesu aliposema "tazama, tunapanda kwenda Yerusalemu," miguu ya wanafunzi ilielewa kabla ya masikio.

Ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita 21 na upana wa 13. Mama mmoja wa jumuiya aliyekulia Ukerewe alicheka. "Hilo ni ziwa au ni ghuba?" Lakini tulipofika Luka 5 yeye ndiye aliyekuwa mwalimu. Alitueleza kwamba mvuvi anayeosha nyavu asubuhi amefunga hesabu: usiku umekwisha, kilichopatikana kimepatikana, mwili unataka kulala. Kumwambia mtu huyo arudi kilindini mchana, na nyavu zimeshaoshwa, ni kumwomba kazi ya usiku mzima upya mbele ya wenzake. Nilikuwa nimeusoma mstari wa Petro anayesema wamefanya kazi usiku kucha kama utangulizi wa muujiza tu. Mama aliusikia kama uchovu wa kaka zake. Nimeandika maneno yake pembeni mwa safu ya kijani, na ndiyo maelezo bora zaidi katika daftari zima.

Tukio ninalolipenda kwenye meza hii ni la kulishwa watu elfu tano, kwa kuwa ukiacha ufufuo ndio muujiza pekee ulio katika safu zote nne. Marko anasema waliketi kwenye majani mabichi. Yohana anasema Pasaka ilikuwa karibu. Hakuna anayemtaja mwenzake, lakini Pasaka huangukia majira ambapo mvua za baridi zinamalizika na vilima vya Galilaya vingali kijani. Miezi michache baadaye vinakuwa hudhurungi. Sisi tunaoijua Dodoma ya Machi na Dodoma ya Septemba hatuhitaji kuelezwa.

Uzi, hata hivyo, ulitufungia mafundo hapo hapo. Luka anaweka tukio upande wa Bethsaida. Marko anasema baada ya kula Yesu aliwalazimisha wanafunzi kupanda chomboni kuelekea Bethsaida. Yohana anasema walielekea Kapernaumu, na kwa Marko wanaishia Genesareti. Tulijaribu kuuzungusha uzi kila namna ukakatika. Sasa tunatumia pini tu, zenye rangi ya kila Injili, bila uzi kati yake. Ramani isiyo na uzi haipendezi ukutani, ila haisemi uongo.

23 Machi 2025. Safari ya Luka

Kutoka Luka 9:51, Yesu anaelekeza uso wake Yerusalemu, na safari hiyo inachukua sura karibu kumi. Humo ndimo alimo Msamaria mwema, mwana mpotevu, tajiri na Lazaro, mjane na kadhi, Farisayo na mtoza ushuru, Zakayo. Safu nyingine kwa kurasa nyingi ni tupu. Kama tungebaki na simulizi moja, ningefika hapa nisione kwamba mifano hii ninayoikumbuka kwa jina la Yesu, karibu yote nimeipewa na mtu mmoja.

Nilijaribu kufuata njia. Sura ya 10 wanafika kijijini kwa Martha na Mariamu, ambao Yohana anawaweka Bethania, mwendo mfupi kutoka Yerusalemu. Sura ya 17 bado wako mpakani mwa Samaria na Galilaya, kule walikotoka. Luka hakukitaja kijiji kile kwa jina, na nadhani hakusahau. Nimeng'oa pini ya Bethania ya kijani na kuandika tu: njiani.

Kupakwa mafuta pia kulituchelewesha. Luka 7 ni nyumbani kwa Simoni Farisayo, mwanamke mwenye dhambi, miguu. Mathayo na Marko ni Bethania kwa Simoni mwenye ukoma, mwanamke asiye na jina, kichwa. Yohana ni Bethania, Mariamu, miguu, siku sita kabla ya Pasaka, wakati Marko ametoka kusema zimebaki mbili. Jina la Simoni ndilo linaloshawishi mtu kuunganisha yote. Tumewaweka watatu usawa mmoja na kumwacha Luka mahali pake.

19 Aprili 2025. Juma la mateso

Tulipanga hatua hii iangukie Kwaresima, na jana, Ijumaa Kuu, daftari lilisomwa kwenye jumuiya.

Jedwali la saa ndilo lililozua mjadala. Hapa msomaji wa Kiswahili ana nafuu: saa za Injili zinahesabiwa tangu macheo, kama zetu. Wafanyakazi wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20 wanaajiriwa saa tatu, saa sita, saa tisa, na wa mwisho saa kumi na moja, na kibarua yeyote wa mashamba ya zabibu hapa anajua saa kumi na moja imebaki kazi kiasi gani. Kwa Marko, Yesu anasulubishwa saa tatu. Giza ni saa sita hadi saa tisa. Kwa Yohana, saa sita bado yuko mbele ya Pilato. Wapo wanaosema Yohana alihesabu kutoka usiku wa manane, lakini mwanamke Msamaria anakuja kisimani saa sita, na hadithi ile inaeleweka zaidi juani.

Na siku yenyewe: kwa Marko karamu ya mwisho ni mlo wa Pasaka. Kwa Yohana, asubuhi ya hukumu wakuu hawakuingia nyumbani kwa Pilato wasije wakatiwa unajisi, kwani walikuwa bado hawajaila Pasaka. Yesu anakufa siku ya Maandalio. Wanaotafuta tarehe hutaja zaidi 7 Aprili mwaka 30 au 3 Aprili mwaka 33, zote Ijumaa. Mzee yule yule wa mkasi aliuliza, kwa utaratibu, kwa nini tunawaonyesha vijana mambo yanayogongana siku kama hii. Mwalimu alimjibu, "Mzee, hatukuyaleta sisi. Tumeacha tu kuyafunika." Mzee hakuridhika na sina uhakika anapaswa kuridhika. Aliomba, hata hivyo, asomewe safu ya zambarau yote, kuanzia bustani hadi kaburi, bila kuruka kwenda safu nyingine. Ndivyo tulivyomaliza jioni.

Mimi nimebaki na wanawake wa kaburini. Mathayo anao wawili, Marko watatu pamoja na Salome, Luka anamtaja Yoana. Yohana anamtaja Maria Magdalene peke yake, ila Maria anasema "hatujui" walikomweka. Yoana ni mke wa Kuza, wakili wa Herode Antipa, mwana wa Herode Mkuu. Luka alimtaja sura ya 8 kati ya waliomhudumia Yesu kwa mali zao. Mke wa ofisa wa mtawala aliyemkata Yohana Mbatizaji kichwa, anaamka alfajiri kwenda kaburini. Rangi ya kijani ndiyo iliyonionyesha. Nimesoma Luka miaka yote bila kumwona.

11 Mei 2025. Hesabu na yaliyobaki

Kaunta buku mbili 12,000, kalamu 4,000, fotokopi zilizoharibika 5,200, nzuri 13,400, za kurudia Yohana 3,100, unga wa ngano 2,000, gundi 6,000, manila 3,000, pini na uzi 2,500. Jumla shilingi 51,200. Kati ya hizo, 10,300 ni za fotokopi mbovu, uji wa mende na kubandua: ukifuata maelezo ya hapa utaziokoa. Kaunta buku la kwanza nalo halikwenda kazini, ila Mwalimu amelichukua kwa ajili ya majedwali yake.

Yamebaki matatu. Marko 16:9–20 na Yohana 7:53–8:11 hazimo katika Sinaiticus na Vaticanus, nakala mbili kongwe za karne ya 4. Tumezibandika kwa upande mmoja tu, zinafunuka, mpaka tukubaliane zikae vipi. Kutokea kwa Yesu baada ya kufufuka bado: Luka anabaki Yerusalemu na viunga vyake, Mathayo anakwenda mlimani Galilaya, Yohana anapita kote kuwili. Na mama wa Ukerewe ametaka Yohana 21 isibandikwe bila yeye kuwepo, kwa kuwa ana maneno kuhusu wale samaki 153 na nyavu ambazo hazikuchanika.

Juma lijalo tunaanza na Mathayo 28:16.